Majivu Kwenye Chai

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule siku ya Ijumaa, akavua viatu vyenye matope mlangoni, akaniamkia, halafu akasema, "Bibi, nimefeli besi."

Nikamwangalia. "Besi? Nani amekutuma uimbe besi, mtoto wa kike?"

Sikuwa namtania. Mimi si mtu wa utani. Kanisani kwetu kila mtu anajua mahali pake kwenye kwaya, na besi ni ya wanaume, ukimwondoa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyezaliwa na sauti nzito kama ya fahali, mpaka wanamsimamisha mstari wa nyuma pamoja na waume za watu. Kwa hiyo niliposikia mtoto amefeli besi, nikajua wamempanga sauti isiyo yake. Nikamwambia asilie. Jumatatu nitakwenda mwenyewe kwa huyo mwalimu wa kwaya nimweleze kwamba mtoto huyu ni sauti ya kwanza, na mama yake alikuwa sauti ya kwanza vilevile.

Mtoto akakaa kwenye kigoda machozi yanamtoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka.

"Siyo kwaya, bibi. Ni kemia. Asidi na besi na pi-echi."

"Huyo Piechi ni nani?"

"Siyo mtu, bibi!"

Akafungua begi akanipa karatasi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikawalee wadogo zangu, lakini namba nazijua. Ilikuwa kumi na tisa kwa kalamu nyekundu, kati ya mia, na chini yake mwalimu ameandika Kiingereza. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili na asipunguze neno. Akasoma kwa sauti ndogo: mwanafunzi atarudia jaribio la mada hii baada ya wiki mbili. Akifeli tena anaondolewa masomo ya sayansi, anakwenda mchepuo mwingine.

Sasa lazima nieleze huyu mtoto ni wa namna gani. Alipokuwa na miaka tisa alinisindikiza hospitali mjini Tukuyu, nina homa ya kutetemeka. Binti wa maabara akanichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Mjukuu wangu akamwuliza kama na yeye anaweza kuchungulia. Yule binti, Mungu ambariki popote alipo, akamnyanyua akachungulia damu ya bibi yake. Tangu siku hiyo habari ni maabara tu. Wenzake wakiomba gauni la Krismasi, yeye anaomba hadubini. Na sasa yuko kidato cha tatu, ndipo wanapotenganishwa, huyu huku na huyu kule, na mtu wa maabara asiyesoma kemia hayupo. Hilo hata mimi wa darasa la nne nililielewa bila kuelezwa.

Baba yake, mwanangu wa pili, yuko Kiwira kwenye makaa ya mawe. Aliniachia mtoto kwa sababu shule iko karibu na kwangu hapa Kisondela. Sikuwa tayari kumpigia simu nimwambie mtoto wako amekuja kwangu akaharibikiwa.

"Haya," nikasema, "futa pua. Asidi ni nini?"

Akasimama wima kama yuko paredi, akatema Kiingereza mpaka mwisho bila kuvuta pumzi.

"Umemaliza? Sasa maana yake."

"Maana yake… ni kitu kinachotoa haidrojeni, bibi."

"Haidrojeni ndiyo nini?"

Akaanza kile Kiingereza upya. Nikamkatiza.

"Umewahi kuiona hiyo asidi?"

"Hapana. Madamu ametuchorea chupa ubaoni. Dawa za maabara zimebaki kidogo, zimefichwa kwa ajili ya kidato cha nne."

Nikaelewa. Watoto wanafundishwa uchachu kwa kuchorewa chupa. Nikamwambia akale, alale, kesho asubuhi nina kazi naye.

Jumamosi ni siku yangu ya kuchuja majivu. Wasichana wa siku hizi wananunua magadi dukani, mimi sijawahi. Maganda ya ndizi nayaanika juu ya bati la zamani mpaka yakauke makavu kabisa, nayachoma, majivu yake nayatia kwenye kopo lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi, namwagia maji juu, yanadondoka polepole kwenye sufuria. Maji yanayotoka yana rangi ya mkojo wa mbuzi, samahani kwa kusema hivyo, lakini ukiweka kijiko kimoja kwenye maharage makavu hayamalizi kuni. Mama yangu alifanya hivyo na mama yake alifanya hivyo.

Nikamwita mtoto nikampa kipande cha limau. "Lamba."

Akalamba, uso ukakunjamana.

"Hiyo ndiyo nini?"

"Ni… chachu."

"Andika. Sasa chovya vidole hapa kwenye maji ya majivu, visugue. Usionje! Haya yanachubua ulimi. Sugua tu, kisha unawe."

Akasugua. "Yanateleza, bibi. Kama sabuni."

"Kama sabuni kwa sababu zamani ndiyo ilikuwa sabuni yetu. Nguo za shule za baba yako zimefuliwa kwa haya. Moja inachachua, nyingine inateleza. Ipi asidi na ipi besi?"

Nikaona macho yanafunguka. Akasema, "Limau asidi. Majivu besi." Halafu akaongeza kwa adabu, "Lakini bibi, maabara haturuhusiwi kuonja kitu."

"Hapa siyo maabara, hapa ni jikoni. Na mimi ndiye madamu."

Akacheka. Nikamwacha acheke mara hiyo moja.

Nikachukua karatasi yake ya mtihani nikaanza kuipitia swali kwa swali, yeye akitafsiri. Kulikuwa na mahali pa kupanga vitu kwa namba za hiyo pi-echi, kuanzia sifuri mpaka kumi na nne. Saba ni katikati, maji matupu, hayachachui wala hayatelezi. Hilo alilijua vizuri. Lakini sabuni ameipa tatu. Magadi ameyapa nne. Limau amelipa kumi na mbili! Kila kitu kimepinduliwa, kama mtu aliyevaa gauni mbele nyuma.

"Kwa nini sabuni umeipa namba ndogo?"

"Kwa sababu ni besi."

"Kwa hiyo?"

"Besi ni ya chini, bibi."

Nikamwuliza tena nihakikishe, naye akarudia kwa ujasiri kabisa: besi iko chini, sauti ya kwanza iko juu, kwa hiyo besi lazima iwe chini ya saba. Mtoto amekulia kwaya, anaimba tangu Sunday School, na neno hilo lilishamkaa kichwani kabla madamu hajalifikia. Mimi nilikuwa nimejicheka mwenyewe kimoyomoyo kwa kupotoshwa na kwaya, kumbe kwaya ilikuwa imempoteza yeye kabla yangu, na imemla alama themanini na moja.

"Basi sikiliza," nikasema. "Bibi yako wa kule juu, wifi yangu, anaimba sauti gani?"

"Besi."

"Kati yangu na yeye nani mkubwa?"

"Yeye."

"Kwa miaka mingi au michache?"

"Mingi, bibi."

"Basi besi ina namba kubwa kama umri wa wifi yangu. Ukiona besi, mwone yeye. Na asidi ni kama nyie wasichana wa kidato cha tatu, namba ndogo, lakini mnawasha."

Akajiangusha kwenye mkeka akicheka mpaka kuku wakakimbia. Mimi sikuona cha kuchekesha kiasi hicho. Nilikuwa nafundisha.

Tukachora kwenye ukuta wa baraza, niliokuwa nimeupaka chokaa wakati wa Pasaka. Yeye akaandika kwa mkaa sifuri mpaka kumi na nne, na chini ya kila namba tukaweka kitu chake sakafuni, kwa kufuata orodha iliyoko nyuma ya kitabu. Limau likakaa penye mbili. Maziwa mgando karibu na nne. Maziwa mabichi chini kidogo ya saba. Maji yakakaa saba yenyewe. Yai nililotaka kukaanga likawekwa penye nane na nusu, na mtoto akakataa katakata kunirudishia. Sabuni ya mche kumi. Kopo langu la majivu likaenda mbali kule mwisho, kumi na mbili. Alipomaliza akaunusa ukuta, akanigeukia, "Bibi, hata chokaa ni besi. Tumeandika besi juu ya besi." Nikamwambia afanye kazi aache maneno, lakini nilifurahi. Hilo hakuambiwa na mtu.

Ikafika saa ya chai. Tunakunywa chai ya rangi, maziwa yalikuwa yako zamu kule karibu na saba. Nikachukua kikombe kilichokuwa karibu, nikammiminia. Chai ikaingia nyekundu, ikageuka hapo hapo ikawa nyeusi kama kahawa.

"Bibi! Umeniwekea nini?"

Kikombe nilikuwa nimechotea maji ya majivu asubuhi na sikukisuuza. Uzee. Nikanyoosha mkono nikimwage, akanishika.

"Usimwage, bibi! Subiri." Akakimbilia limau, likatoka penye mbili, akalikamulia kwenye kikombe. Chai ikafoka povu, ikachemka bila moto. Akakamua tena. Weusi ukapungua, ukarudi wekundu, ukaendelea mpaka ikawa ya njano kama asali mbichi. Akaongeza tone la majivu, ikaanza kurudi nyuma. Limau, mbele. Majivu, nyuma. Mtoto akapiga kelele kama amefunga goli.

"Ni indiketa! Chai ni indiketa, bibi! Ndiyo hiyo madamu alisema, kitu kinachobadilisha rangi kikikutana na asidi au besi. Na hilo povu, asidi na besi zinauana!"

"Ndiyo maana inaitwa chai ya rangi," nikasema.

Miaka yote hiyo nimekunywa chai na limau, nimeona inavyopauka, sikujiuliza. Tunailima sisi, tunaichuma mgongo ukiuma, na haijawahi kunifundisha kitu mpaka nilipokunywa na mtoto aliyefeli.

Jumatatu akamweleza madamu wake habari za ukuta na kikombe. Madamu ni msichana mdogo tu kutoka Mbeya mjini, lakini ana moyo. Akampa vipande sita vya karatasi ya kupimia pi-echi, ambavyo nadhani alivitoa kwenye akiba ya kidato cha nne na sitaki kuuliza. Ukichovya, karatasi inabadilika rangi: nyekundu kwa asidi kali, rangi ya chungwa, njano, kijani katikati, bluu kwa besi. Mtoto alinakili rangi zote kwenye daftari kwa penseli. Kipande kimoja tulichovya kwenye limau, kimoja kwenye majivu, kuhakikisha. Vikabaki vinne, na nikamwambia asivimalize kwa kuchezea.

"Nataka kupima udongo," akasema. "Madamu anasema swali la udongo linapenda kutoka."

"Udongo upi?"

"Wa chai yako, bibi. Ile inayougua."

Hapo akanigusa penye kidonda. Nina kipande cha chai nyuma ya jiko, si kikubwa. Kwa misimu mitatu kilikuwa kinageuka njano. Majani yanapauka, mishipa tu ndiyo inabaki kijani, na machipukizi hayatoki. Chai ya wifi yangu, hatua kama sitini kutoka hapo, upande wa juu wa mteremko, inang'aa kijani mpaka inaudhi. Na mimi nilishajua sababu. Wifi anafulia nje ya nyumba yake, maji ya sabuni yanashuka, yanaingia kwenye chai yangu. Nilimwambia hivyo msimu wa kwanza. Akanijibu kwa besi yake kwamba maji yake yanaishia kwenye mfereji na mimi nitafute mchawi mwingine. Tangu hapo tunasalimiana kanisani kwa sababu mchungaji anatazama.

Kwa hiyo nikamwambia mjukuu, pima. Pima kabisa, na uandike, ili nimpelekee bibi yako ushahidi wa sabuni yake.

Jumamosi ya pili, mvua imenyamaza kidogo, akachukua vikombe vitatu. Kimoja akatia udongo wa chai yangu. Cha pili, udongo wa chai ya wifi, alioomba kwa heshima na akapewa pamoja na ndizi mbivu. Cha tatu, udongo wa katikati, ule mteremko ambao maji ya sabuni yangepita. Akatia maji ya mvua ya kwenye pipa, akakoroga, akaacha vitulie. Tukasubiri. Mimi nilikuwa najipangia maneno ya kwenda kusema kule juu, na nilikuwa nimeshayapata mazuri.

Akachovya cha wifi. Rangi ya chungwa inayokwenda njano. Akalinganisha na daftari. "Tano."

Cha katikati. "Tano na kidogo. Karibu sawa."

Changu. Karatasi ikatulia, ikaingia kijani, ikapita kijani, ikaenda bluu.

"Nane," akasema. Akaniangalia. "Bibi, chai inapenda tano. Imeandikwa kitabuni, inapenda udongo wenye asidi. Hapa kwako ni besi."

"Si ndiyo hiyo sabuni?"

"Ingekuwa sabuni, hapa katikati pangekuwa na besi pia. Inaanzia kwako, bibi. Ni kitu kinachomwagwa hapa hapa." Akasimama kidogo, halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, "Bibi, majivu ya jikoni unamwaga wapi?"

Nikageuka nikatazama migomba.

Nitasema hapa kwa sababu nimeamua kusema. Majivu huenda kwenye migomba. Kila mwanamke wa huku anajua, mgomba unapenda majivu, unanenepa. Nilipopata kile kipande cha chai niliona ni dhambi migomba ishibe na chai itazame tu. Basi kila siku, kuanzia siku hiyo, nilikuwa nachukua beseni la majivu ya jiko, pamoja na masalia ya kopo langu la kuchuja, natandaza chini ya chai kwa upendo. Na ilipoanza kugeuka njano nilizidisha, maana niliona ina njaa.

"Bibi," mtoto akasema, "umeikosha chai kwa sabuni misimu mitatu."

"Nyamaza."

"Kumi na mbili, bibi. Kila siku. Kule mwisho wa ukuta."

"Nimesema nyamaza."

Akainamia vikombe vyake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Jumapili baada ya ibada nilimngoja wifi kwenye lango la kanisa. Nilikuwa nimekaa na neno hilo ibada nzima, sikusikia hata mahubiri. Akatoka na joho lake la kwaya mkononi. Nikasema haraka, ili nisigeuze nia, "Wifi, siyo sabuni yako. Ni majivu yangu. Naomba unisamehe."

Akaniangalia kutoka juu, maana ni mrefu. "Rudia, sijasikia. Umri huu masikio yanapungua."

"Umesikia."

"Nimesikia majivu. Mengine yalipita na upepo."

"Nisamehe, wifi."

Akacheka kile kicheko chake cha kutoka tumboni, watu wakageuka. "Yaani wewe! Umelisha chai chakula cha ndizi! Na mimi misimu mitatu nafulia nyuma ya nyumba, gizani, kwenye tope, kwa ajili ya majivu yako! Kaka yangu alioa mwanamke wa namna gani?"

"Mwanamke anayeomba msamaha," nikasema.

"Ndaga, wifi, ndaga," akasema, maana yake ahsante, na akanishika mkono. "Lakini na mimi uniambie. Nasikia shule nzima inajua kwamba nina besi na namba yangu ni kubwa. Namba gani?"

Mjukuu wangu akajificha nyuma ya wenzake. Nikamwambia wifi ni kumi na mbili. Akasema kumi na nne, asidhulumiwe.

Mambo hayo yalinipunguzia mzigo mmoja, lakini mwingine ulikuwa Jumatano, siku ya kurudia jaribio, wiki mbili kamili tangu alipofanya lile la kwanza. Jumatatu na Jumanne tulirudia ukuta mpaka mkaa ukafutika na kuandikwa tena. Nilimwuliza akiwa anaosha vyombo, nilimwuliza akiwa anasuka mkeka. Maziwa mgando? Magadi? Limau na majivu vikikutana vinazaa nini? "Chumvi na maji, bibi." Udongo wenye asidi mno unawekwa nini? "Chokaa, bibi. Au majivu, lakini siyo kwenye chai." Alitamka hiyo siyo kwenye chai kwa mkazo usiohitajika. Na hatua moja ukutani siyo moja, ni mara kumi: kutoka tano ya wifi mpaka nane yangu ni mara elfu moja. Hilo alinieleza yeye, na nilikaa nalo muda mrefu. Mara elfu moja, kwa beseni langu.

Jumatano asubuhi alikataa uji. Nilimtazama akishuka njia ya migombani mpaka sketi yake ikapotea, nikarudi ndani nikapika maharage ambayo sikuyahitaji. Siku hiyo niliogopa, na mimi huwa siogopi. Niliwaza habari za darasa la nne. Siku nilipotolewa hakuna aliyekosea, mama aliumwa na watoto walikuwa wadogo, ndivyo ilivyokuwa. Lakini hakuna aliyesema nirudie baada ya wiki mbili. Huyu amepewa wiki mbili, nami ndiye niliyekabidhiwa.

Madamu alikuwa amesema atasahihisha siku hiyo hiyo. Saa kumi nikamsikia mtoto anafika. Hakupitia barazani. Alizungukia nyuma akaingia jikoni moja kwa moja. Nikamwita, akasema, "Nakuja, bibi." Sauti haikunipa kitu. Nikasikia vikombe.

Akatoka na kikombe kimoja kwenye kisahani, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha.

Chai ilikuwa nyeusi. Nyeusi kama siku ile.

Nilikiangalia kikombe. Sikumwangalia yeye. Nikasema moyoni, basi, ndiyo hivyo, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia, kwamba hata huko kwingine kuna watu wanasoma wanafika, na nilijua kwamba nitakuwa namdanganya.

Akanyoosha mkono kutoka nyuma ya mgongo. Kulikuwa na nusu limau. Akalikamua juu ya kikombe polepole, povu likapanda, likashuka, na chai ikaanza kufunguka, nyeusi, kahawia, nyekundu, mpaka ikawa ya njano ile ya asali, na nikaona sakafu ya kikombe.

"Sabini na nane, bibi," akasema. "Nimebaki sayansi. Na sabuni nimeipa kumi."

Nikamwambia, "Umeniharibia chai."

"Ndiyo, bibi."

"Yote hii imekuwa chumvi na maji. Nani atakunywa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na umenitisha, mtoto mshenzi wewe. Njoo hapa."

Akaja. Nilimshika kichwa kile chenye vinywele vifupi vya shule, nikakibana kifuani mpaka akalalamika pumzi. Halafu nikamtuma apande kule juu akamwambie wifi yangu. Hakufika mbali. Aliita akiwa njiani, chini ya migomba, na kutoka juu ya mteremko nikasikia shangwe inajibu, nzito, chini kabisa, mahali pake pa mstari wa nyuma.

Chai yangu imeanza kurudi kijani, polepole, upande mmoja kwanza. Majivu nayapeleka kwenye migomba tu, na beseni nalipitisha njia ya mbali ili nisijisahau. Ukuta wa baraza sijaupaka chokaa tena.